Wajukuu Kumi na Watatu wa Banda la Korosho Mkunya

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Dunstan, Afisa Kazi, uliyepanda mpaka huku juu kwa barabara tunayoijua wote, Ndugu Lukmani, Mwenyekiti wa wafanyabiashara wadogo wa Masasi na Newala, Shehe wetu na Katekista wetu mliokaa benchi moja, wenye mashine za kusaga, wenye migahawa, mafundi cherehani, wenye mabanda ya kubangua korosho kama mimi, wabanguaji wenzangu, na wewe Cecilia, Mama Silvesta, ambaye shughuli hii ni yako lakini umekwenda kukaa nyuma karibu na masufuria kana kwamba tumekuita uoshe vyombo. Njoo mbele. Sisemi mpaka ukae mbele. Haya, mpisheni.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, kama wamebaki, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba. Nimeitikia mapema, maana mkianza kuniamkia mmoja mmoja pilau litapoa.

Mimi ni Mwanakombo, mama yake Mujibu, bibi yake huyu Yasmini aliyeshika karatasi hapa pembeni. Shuleni sikuingia hata kwa kupeleka maandazi. Yasmini ameyaandika haya kama nilivyomwambia, na nikipotea ananigusa kiwiko. Kwa hiyo kama kuna neno litakalowakera, ni langu. Mtoto msimseme.

Ndugu Lukmani alikuja nyumbani wiki tatu zilizopita akaniambia, "Bibi, wenzako wanalia na kima cha chini kipya. Wengine wamefunga, wengine wanajificha Afisa Kazi akipita. Wewe unalipa na banda lako bado linatoa moshi. Waambie umefanyaje." Nikamjibu kwamba nitasema siku ya kumuaga Cecilia. Siwezi kueleza nilivyopona bila kumtaja yeye, na siwezi kumsifu yeye bila kusema nilichotaka kumtenda. Leo amestaafu mwenyewe, kwa mdomo wake, baada ya miaka ishirini na miwili ya kubangua. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu nusura aondoke kwa mdomo wangu. Basi sikilizeni.

Tangazo la mishahara lilipotoka, Yasmini alinisomea kwenye simu. Nikamwambia soma tena, umekosea. Akasoma tena. Nikamwambia mpelekee baba yako asome yeye, ni mtu mzima. Mujibu akasoma, ikawa ileile. Nikakaa chini kwenye gunia.

Enyi wenye biashara mliokaa hapa, siku ile nani kati yenu alifurahi? Nyoosheni mikono. Naona hakuna, hata Ndugu Lukmani anakuna kidevu. Basi tusije hapa kujifanya watakatifu. Kumlipa mtu zaidi kwa kazi ileile ya jana, huku bei ya sukari, bei ya umeme na bei ya magunia nazo zinapanda, kunauma. Anayesema hakuumwa, ama hana mfanyakazi, ama hamlipi.

Mimi nilikuwa na wanawake kumi na watatu. Kwa jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi wakati ule, nikiwalipa wote kima kipya, banda lilikuwa linafungwa kabla mvua hazijaisha. Nisipowalipa, sheria ingelifunga. Na ninyi watu wa Mkunya mnajua banda lile likifungwa maana yake ni nini. Fedha za mnada wa korosho zikishaliwa, ukafika mwezi wa tano, mwanamke wa hapa anapata wapi shilingi ya daftari, ya sabuni, ya nauli ya kumpeleka mtoto Ndanda hospitali? Kumi na watatu kwa mpigo wangerudi kukaa barazani. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikatafuta ujanja, na ujanja wetu sisi watu wa huku mnaujua. Ni undugu.

Msicheke. Hapa kwetu, ukiwa na shamba la kulima, unaalika watu. Unapika, wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakula, wanaimba, wanakwenda zao. Mshahara hautajwi, na anayeutaja ameharibu. Ni kitu kizuri, mama yangu alitulea kwa hicho. Basi mimi nilikuwa nimekichukua kitu hicho tangu zamani nikakiingiza bandani. Uji saa nne. Khanga Idd, khanga Krismasi, na kipande cha sabuni cha kunawia yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole. Na malipo kidogo ya kilo, yale niliyojipangia mwenyewe. Sasa, tangazo lilipotoka, wote nikawaita wajukuu zangu. Mjukuu anamsaidia bibi yake, sivyo? Kuna sheria gani ya kumlipa mjukuu kima cha chini?

Lakini nilisahau upande wa pili wa mwaliko. Ukialikwa leo, kesho unamwalika mwenzako, na yeye aliyelimiwa anabeba jembe. Waulizeni wanawake hawa: miaka ishirini na miwili, Mwanakombo amekwenda kulima shamba la nani? Hata tuta moja. Nililimiwa na watu wote na sikumlimia mtu. Huo sio undugu wetu, jamani. Huo niliutunga mwenyewe.

Basi siku Ndugu Dunstan alipokuja kukagua, nilikuwa nimeshawafundisha. Nikawaambia akiuliza, semeni mjukuu. Akaingia na faili lake, kijana mpole, akaniamkia vizuri. Akaanza na wa mlangoni.

"Dada, wewe ni nani kwa Bibi?"

"Mjukuu."

"Na wewe?"

"Mjukuu."

Akaja kwa Upendo, ana mtoto mgongoni. "Mjukuu, na huyu mgongoni kitukuu," akaongeza bila kuombwa. Nikaona mambo yanakwenda. Mpaka akafika kwenye mashine ya mwisho ya kukatia korosho, kwa Cecilia. Mvi zote hizi mnazoziona.

"Mama, na wewe?"

"Mjukuu," anasema Cecilia, uso mkavu kama kokwa.

Ndugu Dunstan akageuka taratibu. "Bibi, samahani, una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

"Na mjukuu wako huyu?"

Cecilia akanitangulia: "Sitini."

Ndugu Dunstan akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi Bibi, hongera. Ulipata mjukuu ukiwa na miaka kumi na mmoja."

Upendo alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Na ninamshukuru kijana huyu mbele yenu, kwa sababu angeweza kuniandikia faini palepale. Alifunga faili lake akasema, "Bibi, nitarudi baada ya siku thelathini. Nikirudi nataka kukutana na wafanyakazi. Wajukuu nimeshawasalimia." Akanywa uji wetu, akaondoka.

Jioni wote wakaenda zao, Cecilia akabaki ananawa mikono. Ananawa, ananawa. Nikamwambia, "Mama Silvesta, sema, maji yanakwisha." Mnajua maji ya huku juu yalivyo.

Akasema, "Mama Mujibu, leo nimesema uongo kwa ajili yako mbele ya mtu mzima mwenye faili. Sasa nataka jibu. Kama sisi ni wajukuu zako, banda hili ni la ukoo, tuonyeshe fungu letu. Kama sisi ni wafanyakazi, tulipe kama wafanyakazi. Undugu hatuupati, na mshahara hatuupati. Sisi ni nani humu ndani?"

Nikamwambia, "Na khanga zote nilizowapa?"

Akasema, "Khanga nimejifunga, asante. Daftari halinunuliwi kwa khanga."

Wangapi hapa mmeulizwa swali la namna hiyo na mtu mliyekula naye chungu kimoja miaka ishirini? Unatafuta jibu, unakuta mdomo umejaa hasira tu. Nilimfukuza mbele yangu. Nilisema, "Nenda nyumbani." Akaenda.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, Mheshimiwa Diwani, nisikilize vizuri maana sitarudia. Usiku nikawaza kwamba kama lazima nilipe, basi nitalipa wachache. Nikamwita mwanangu Mujibu, wakati huo ni meneja wa banda, nikamwambia aandike majina ya watatu wa kuondoka. Nikachagua wenye mikono mizito, wale ambao siku nzima kilo zao ni kidogo. Wa tatu alikuwa Anjelina. Wa pili Upendo, kwa sababu ya mtoto anayenyonya. Na wa kwanza alikuwa Cecilia.

Ndiyo, Cecilia. Jina la kwanza lilikuwa lako. Sikuwahi kukuambia, na nisingependa uondoke leo na zawadi mkononi bila kulijua. Mbele ya watu hawa wote nakuomba...

Nini? Sema kwa sauti.

Mmesikia? Anasema alijua. Anasema Mujibu aliisahau ile karatasi juu ya mashine, na yeye darasa la saba alimaliza. Alilisoma jina lake asubuhi yake tu. Na asubuhi ileile, enyi watu, alikaa kwenye mashine yake akafanya kazi mpaka jioni! Cecilia, sasa kwa nini ulikaa? Si ungenitupia ile karatasi usoni? Mimi ningekutupia.

Anasema korosho zilikuwa zimeshachemshwa tangu jana yake. Zikilala siku mbili hazikatiki nzima.

Yasmini, ngoja. Niacheni nipumue kidogo.

Kumbe. Kumbe ndiyo maana siku ile ukaja na habari ya mabeseni. Mimi miezi yote hii nadhani lilikuwa wazo tu limekujia. Wewe ulikuwa unajitetea, na hukusema neno.

Haya. Niwaeleze mabeseni, kwa sababu dawa yenyewe iko hapo, na wale wa Masasi waliokuja kutafuta dawa wataanza kuangalia saa.

Cecilia aliniambia siku ile, "Mama Mujibu, kabla hujafanya lolote, wiki moja tu, kila mtu awe na beseni lake. Korosho nzima upande huu, zilizovunjika upande huu. Usimwage pamoja kwenye turubai kama tunavyofanya siku zote. Jumamosi tuyapange uone." Nikakubali, kwa sababu wiki moja haiui, na pia nilitaka niwe na ushahidi wa kumwondolea.

Jumamosi tukayapanga mabeseni mbele ya banda. Jamani, mimi nimebangua tangu titi halijaanza kulala, lakini sikuwahi kuona kazi yangu mwenyewe imepangwa hivyo. Wale wenye mikono myepesi, wale niliokuwa nawasifu kila siku, "ona fulani anavyokata kama cherehani," mabeseni yao yalijaa, ni kweli. Lakini nusu yake vipande. Na kipande mnunuzi anakichukua kwa bei ya kukudharau. Wale watatu wa kwenye karatasi, mabeseni yao yalikuwa madogo, lakini ukilikoroga la Cecilia kwa mkono ni nzima, nzima, nzima, nyeupe kama meno ya mtoto. Mtu niliyetaka kumwondoa kwa kuwa ananigharimu ndiye aliyekuwa ananilisha. Miaka yote nalipa kilo, kilo tu, nzima na iliyovunjika bei moja, halafu nashangaa kwa nini watu wanakimbiza mashine.

Mwisho wa mstari kulikuwa na beseni moja tupu. Nikauliza, "Hili la nani?" Upendo akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo Bibi, hilo la meneja."

Mujibu, mwanangu, uko wapi? Usiiname. Nimekuzaa mimi na nakusema mimi. Huyu alikuwa analipwa kuliko mbanguaji yeyote. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki na simu, akiniambia fulani amechelewa. Na fulani kuchelewa tulimwona wote! Mshahara wake ulikuwa unatosha nyongeza ya watu wanne. Mimi nalia na Serikali kumbe gharama inakula wali sahani moja na mimi.

Sasa niwaulize ninyi wenye maduka na migahawa: beseni tupu la kwenu ni la nani? Ni la shemeji? Ni la mjomba ambaye huwezi kumwambia kitu? Ni la mke mdogo aliyewekwa kwenye kaunta ajipodoe? Msinijibu, jibuni mkifika kwenu. Lakini kabla hujamwondoa dada anayekuoshea vyombo toka saa kumi na moja asubuhi, pangeni mabeseni kwanza.

Mujibu nilimtoa umeneja Jumatatu yake. Alininunia mwezi mzima, akala kwa dada yake. Mwezi uliofuata akarudi, na nikampa vile vipande. Alivipakia kwenye vifuko, akapanda pikipiki, akapeleka kwa wenye mikate Newala mjini, akapeleka Ndanda barabarani mabasi yanaposimama. Analipwa kwa anachouza. Siku hizi hachezi na simu, simu inamtafuta yeye. Na amekonda vizuri.

Mengine tuliyoyafanya si miujiza. Kuanzia Juni, ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma, asubuhi huwezi kuona choo chako. Korosho siku hizo inanyonya unyevu, ukiikata inapasuka ovyo. Sisi tulikuwa tunakata hivyohivyo, kwa kuwa kazi inaanza saa moja na saa moja ni saa moja. Ni Anjelina aliyesema, "Bibi, asubuhi za ukungu tukae ndani tumenye na kuchambua, jua likitoka ndiyo tukate." Miaka ishirini na miwili hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Mjukuu hamshauri bibi. Mfanyakazi anayelipwa vizuri anakushauri, maana banda likifa naye anakufa nalo.

Maganda tulikuwa tunayatupa nyuma na kuni tunanunua. Sasa tunachomea maganda. Lakini fundi lazima akujengee dohani refu la kutolea moshi, wala usifanye kwenye jiko la nyumbani. Moshi ule utakutoa kamasi na macho.

Ndugu Dunstan aliporudi baada ya zile siku thelathini alinifundisha jambo ambalo woga wangu ulininyima kuliuliza. Kumbe kima kipo cha mwezi, kipo cha siku, na kipo cha saa. Upendo hataki kazi ya siku nzima, ana mtoto. Anakuja saa nne asubuhi mpaka saa nane, analipwa saa zake, kila mtu ana amani. Tumeandikiana mikataba. Wao wameweka sahihi, mimi nimeweka dole gumba, na Yasmini alinisomea kila mstari kabla sijalichovya kwenye wino. Ukimkimbia Afisa Kazi, utalijua faili lake tu. Ukimkaribisha uji, utajua na kilichomo ndani.

Sitaki mwondoke mkidhani yote yalikwenda sawa. Mnunuzi wangu wa Masasi, wa miaka tisa, nilimwendea nikamwambia mishahara imepanda na bei yangu imepanda. Akacheka, akasema korosho ziko nyingi. Nikamwambia nzima kama hizi haziko nyingi. Akasema, "Bibi, biashara si ugomvi," na hakurudi. Nilikaa wiki tano na magunia ndani, silali. Wawili kati ya kumi na watatu walichoka kusubiri, wakaenda zao Mtwara kwa ndugu, na sijawapata tena. Hilo lipo moyoni. Mnunuzi mpya amepatikana, anachukua kidogo lakini analipa kwa uzima wa korosho. Na wale kumi na mmoja waliobaki wanapata kima kamili na michango ya mafao yao inakwenda. Tumebana matumizi kila pembe. Khanga za Idd na Krismasi zimekufa. Uji upo.

Mheshimiwa Diwani, na wewe una beseni lako. Mshahara ukipanda, sisi tunalipa, tumekubali. Lakini leseni, ushuru na tozo za taka ambazo gari lake hatulioni, visitufuate vyote mwezi uleule kama nyuki. Tupangieni. Wewe unapiga makofi sana, ninakuona. Nitakuja ofisini tarehe moja, uwepo.

Sasa nimalize na mwenye shughuli.

Cecilia, Mama Silvesta. Kwenye mafao umeandikwa mwaka huu tu. Ile miaka ishirini na mmoja ya nyuma hakuna mahali ilipoandikwa, na wa kulaumiwa ni mimi. Siwezi kuilipa yote kwa fedha, sina, na Yasmini amenikataza kuahidi mbele ya watu. Lakini mikorosho ninayo. Ile kumi na mitano ya upande wa kisima cha zamani, iliyo kwenye ubora wake wa kuzaa, kuanzia leo ni yako. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa watoto wangu na kwetu ndiye msemaji wa mali ya ukoo, ameridhia. Mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia, imepigwa rangi nyekundu shinani, na karatasi hii hapa ina dole langu. Msimu huu mavuno yake unapeleka mnadani kwa jina lako. Sikupi kama bibi anavyompa mjukuu. Hii ni stahili yako, imechelewa.

Na lile nililokuwa naliomba ukanikatiza, sasa silirudii, maana jibu umenipa bila kuulizwa sana. Ulilisoma jina lako, ukakaa ukamaliza kazi ya siku. Mimi katika watu ninaowajua, wasomi na sisi wengine, sijui nani mwingine angefanya hivyo.

Nimshukuru Ndugu Dunstan, Ndugu Lukmani, Shehe na Katekista kwa dua zenu, wanawake wa banda kwa kupika na kubangua ndani ya wiki moja, na Mujibu aliyebeba maturubai bila kununa.

Neno la mwisho ni la kazi. Cecilia, Jumatatu usije. Umestaafu. Lala mpaka jua likupige mguuni. Lakini nakujua wewe. Najua utapita ukisema umekuja kusalimia tu, halafu utakaa, halafu utaona yule binti mpya anayeshika mashine yako anakata vibaya, halafu mkono wako utakwenda kwenye mashine. Sasa sikia, na Ndugu Dunstan asikie: ukigusa korosho hata moja, Yasmini anaandika saa uliyoanza. Na ukiondoka, unalipwa kwa kima kipya.

Asanteni kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Pilau liko tayari. Wazee kwanza.